Mipilipili ya chumbani inageuka njano, na chai ya mboji naipa kila baada ya siku mbili

DirishaLaNyuma
Wakuu, habari zenu. Nina mipilipili minne chumbani, imefika magotini, na tangu wiki iliyopita majani ya chini yanageuka njano moja baada ya jingine. Ukiligusa jani linabaki mkononi. Ya juu bado ni ya kijani, ila jioni yanalegea kama masikio ya mbuzi aliyenyeshewa.

Maelezo, ili msiniulize mara mbili. Taa ni ya LED, inawaka saa 16 kwa siku. Vyungu ni vya lita 12, ndani kuna mboji sehemu mbili, udongo sehemu mbili na mchanga sehemu moja. Mbolea ya kununua hakuna hata punje. Niliapa kwamba humu kitaingia tu nilichokitengeneza mwenyewe. Ndiyo maana napika chai ya mboji: ndoo ya lita 20, maji ya bomba, vikombe vinne vya mboji nimevifunga kwenye soksi ndefu, vijiko vitatu vya molasi, na pampu ya hewa ya tangi la samaki ikitokota usiku na mchana. Sawa, si usiku. Pampu inalia kama nyuki aliyenaswa kwenye kopo, kwa hiyo saa 4 usiku naizima, saa 1 asubuhi naiwasha. Siku ya tatu nachuja na kugawa.

Mwanzoni kila chungu kilipata nusu lita. Njano ilipoanza nikajua ni njaa, nikapandisha hadi lita moja na nusu kila baada ya siku mbili. Njano ndiyo kwanza imeshika kasi. Halafu wamezuka nzi weusi, wadogo kuliko mbu, wanatembea juu ya udongo na kuruka kila ninapogusa chungu. Na mwenzangu ameuliza mara mbili ni nini kimefia humu ndani.

Niongeze molasi au niongeze mboji?

Majani_Mapana
Njano inayoanzia chini ni upungufu wa nitrojeni, halina mjadala. Mmea unaihamisha kutoka majani mazee kwenda kwenye machanga. Weka vikombe vinane badala ya vinne.

MamaVyungu
Lina mjadala. Usiongeze kitu. Nyanyua chungu kimoja sasa hivi, kisha chomeka kidole udongoni hadi kifundo cha pili, uje useme umekuta nini. Na sahani iliyo chini ya chungu ina nini?

DirishaLaNyuma
Shikamoo mama. Chungu ni kizito, nimekibeba kwa mikono miwili. Kidole kimetoka na tope. Sahani ina maji ya rangi ya chai. Nilidhani mmea utayanywa taratibu usiku.

MamaVyungu
Marahaba. Basi mimea yako haina njaa, inazama.

Majani_Mapana hajakosea kuhusu nitrojeni kuhama, lakini njano ya chini ina milango zaidi ya mmoja. Mmea wenye njaa unapauka polepole, chungu chake kinakauka kama kawaida, na majani yanasimama. Wako umelegea huku udongo ni tope. Mizizi inahitaji hewa kama wewe. Nafasi zote za hewa zikijaa maji inashindwa kufanya kazi, kisha inaoza, na mzizi uliooza haunyonyi nitrojeni hata ukiuzamisha ndani ya gunia la mbolea. Kwa hiyo ndiyo, jani linakosa nitrojeni, katikati ya mboji sehemu mbili kati ya tano! Wewe ukaona njaa, ukaongeza chai. Na chai ni maji. Hilo ndilo tulilosahau wote siku ya kwanza tuliyopika. Ukimwaga lita moja na nusu ya chai umemwagilia lita moja na nusu, jina halibadilishi kitu.

Nakwambia haya kwa sababu niliua miche kumi na moja kwa njia hiyohiyo. Nilikuwa na daftari la ratiba, chai Jumanne na Ijumaa, nimepiga mistari kwa rula. Mmoja ulinusurika kwa sababu ulikuwa nyuma ya pazia nikawa nausahau.

Fanya hivi. Mwaga maji ya sahani leo, na kila ukimwagilia usiyaache humo zaidi ya nusu saa. Usimwagilie tena mpaka chungu kiwe chepesi. Kama una mizani ya kupimia mizigo, pima chungu kikiwa kimetoka kumwagiliwa na kuchuruzika, uandike. Pima tena siku kidole kinapotoka kikavu. Kati ya namba hizo mbili ndipo mmea unapoishi, na ukizijua hutauliza tena ni siku ngapi. Chungu kimoja kitakauka kwa siku nne, cha jirani yake kwa saba.

Toa mmea mmoja kwenye chungu uangalie mizizi. Ikiwa myeupe au ya rangi ya maziwa, utapona. Ikiwa ya kahawia na ngozi inachubuka ukiivuta, kata iliyooza, upande kwenye udongo mpya wenye mchanga mwingi kuliko huo, au perlaiti (punje nyeupe nyepesi za kuupa udongo hewa) kama unayo. Mboji sehemu mbili kati ya tano inashika maji sana kwa chungu cha ndani, kusiko na jua wala upepo. Mimi nashuka hadi sehemu moja kati ya nne, na feni ndogo haizimwi.

Wale nzi mabuu yao yanakaa kwenye sentimita chache za juu za udongo unyevu, yanakula ukungu na vitu vinavyooza, na yakizidi yanagusa vizizi. Udongo wa juu ukikauka wanapungua wenyewe. Tundika karatasi za njano zenye gundi kwa wale wanaoruka. Wakikaidi, kuna bakteria anayeitwa *Bacillus thuringiensis israelensis*, yuleyule wa kuua mabuu ya mbu. Anachanganywa kwenye maji ya kumwagilia. Usikate tamaa wiki ya kwanza, maana kizazi kimoja huchukua karibu wiki tatu hadi nne.

Ngoja_Kwanza
Naanza na ile pampu, maana hapo ndipo harufu ilipotoka. Maji ya nyuzi 20 yanabeba oksijeni isiyozidi miligramu 9 hivi kwa lita, ya nyuzi 30 yanabeba kama saba na nusu. Hiyo ndiyo akiba yote. Sasa wewe umewamwagia bakteria vijiko vitatu vya molasi, wamezaliana kwa fujo, halafu saa 4 usiku umewafungia hewa kwa saa tisa. Wanaimaliza mapema, na wanaotamba kuanzia hapo ni wale wasiohitaji hewa. Chai nzuri inanuka kama udongo baada ya mvua. Ikinuka mfereji, imwage nje mbali, usiipe mmea wa chunguni.

Kelele haitokani na hewa, inatokana na pampu kutikisa kitu ilichokalia. Ining'inize kwa kamba. Na iwe juu kuliko usawa wa maji, la sivyo umeme ukikatika maji yanarudi na mrija hadi ndani ya pampu. Yangu ya kwanza ilikufa hivyo.

Saa 24 hadi 36 zinatosha, na ukishazima pampu itumie ndani ya saa chache. Molasi kijiko kimoja kwa ndoo hiyo, au acha kabisa. Maji ya bomba yapigie hewa usiku mzima kabla ya kutia mboji ili klorini itoke. Kama kwenu wanatumia kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia), hiyo haitoki kwa kungoja. Chembe kidogo ya vitamini C inaivunja.

Majani_Mapana
Nakubali kuhusu tope, sikuuliza. Ila vyungu vikishakauka bado atahitaji chakula, na chai ni chakula.

Ngoja_Kwanza
Chakula chepesi mno. Hesabu mwenyewe: vikombe vinne vya mboji ndani ya lita 20, kisha unagawa kwa vyungu vinne. Mboji ileile ukiitandaza juu ya udongo kwa unene wa kidole, kila umwagiliapo inachujika yenyewe pale pale, bila pampu wala soksi. Na habari ya kwamba vijidudu vya chai vinalinda mmea dhidi ya magonjwa, wataalamu wenyewe hawajaelewana. Elaine Ingham, mwanabiolojia wa udongo wa Marekani, ameitetea miaka mingi. Linda Chalker-Scott wa Chuo Kikuu cha Washington State ameandika kwamba ushahidi ni dhaifu na haulingani. Mimi niko na Chalker-Scott, ingawa napika mara moja moja kwa sababu napenda kuona povu.

MamaVyungu
Povu lina raha yake, kweli.

Swali moja, mwanangu Dirisha. Kwenye mboji umetia nini?

DirishaLaNyuma
Maganda ya jikoni na majani makavu. Na samadi ya kuku ndoo moja, kama miezi miwili iliyopita. Rundo halikuwahi kupata moto, lilikuwa vuguvugu tu. Kuna ubaya? Nilikuwa nanyunyiza na majani kidogo.

MamaVyungu
Upo. Acha kunyunyiza leo. Samadi ya kuku inaweza kubeba Salmonella, bakteria wa kuharisha, na molasi haichagui nani wa kumlisha. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka rundo la kugeuzwa likae kati ya nyuzi 55 na 77 kwa siku 15, ligeuzwe mara tano. Lisipofika huko, linahesabiwa kama samadi mbichi: siku 90 kabla ya kuvuna ikiwa tunda haligusi udongo, siku 120 ikiwa linagusa. Mwaka 2004 kikosi kazi cha bodi yao ya viwango kilipendekeza chai yenye viongezi kama molasi, kama haijapimwa vimelea, ifuate siku hizohizo. Pilipili unaila mbichi, hata kuiosha si kinga kamili. Rundo hilo liache, lianzishe upya kwa majani makavu mengi na maganda, uweke kipimajoto katikati.

DirishaLaNyuma
Narudi baada ya siku 16.

Mipilipili mitatu ilikuwa na mizizi ya rangi ya maziwa, mmoja ya kahawia hadi nusu. Huo wa nne nimeukata mizizi na kuuhamishia udongo mpya wa mchanga mwingi usio na samadi. Umesimama lakini umekasirika. Ile mitatu haijadondosha jani tangu siku ya sita. Kuhusu mizani: chungu kilicholowa ni kilo 13.1, kikavu kilo 9.8. Kile kilicho karibu na feni kinafika hapo kwa siku tano, cha pembeni siku nane, na nilikuwa navinywesha sawa! Chai yote nimeimwaga nje usiku, nikihisi kama naficha maiti. Nzi wamebaki wachache, karatasi ya njano imejaa.

Pampu inaning'inia kwenye kamba. Haina kazi kwa sasa, lakini jana niliiwasha kwenye ndoo ya maji matupu kusikia tu. Kimya. Mwenzangu alipita akauliza kwa nini nachemsha maji baridi.

Maua yameanza kutoka, na mawili yamedondoka. Hilo nalo ni maji?

MamaVyungu
Joto la chumba ni ngapi mchana? Likizidi nyuzi 32 yatadondoka. Kama halifiki huko, yatikise kwa kidole asubuhi, humu ndani hamna nyuki wa kukusaidia.

DirishaLaNyuma
33, chini ya taa. Napandisha taa juu leo.