Baridi ya Julai na ngozi kupauka: nani ashatumia krimu ya seramaidi? Tupeane uzoefu

Wadau wa Nairobi, hii baridi ya Juni mpaka Agosti inatumaliza ngozi. Napaka losheni asubuhi, nikifika tu stegi miguu ishapauka, ukipitisha ukucha unaacha mstari mweupe. Sasa nimeanza krimu ya seramaidi, ile nzito isiyo na harufu, na muwasho wa usiku umepungua sana. Seramaidi ni mafuta ambayo ngozi inajitengenezea yenyewe, yanashikilia seli za juu kama simiti kati ya mawe, yakipungua maji ya mwilini yanatoroka na sabuni inapata njia ya kuingia kuwasha. Nyinyi mmeona aje?

Nesi wa Zamu: Kazi yangu ni kunawa na kupaka sanitaiza kutwa nzima, vidole vilikuwa vinapasuka pale kwa viungo, nikikamua ndimu machozi yananitoka. Kilichonisaidia si krimu peke yake, ni wakati wa kupaka. Nikishanawa najipangusa kidogo tu, napaka mkono ukiwa bado na unyevu, halafu usiku naongeza jeli, yale mafuta mazito ya kupaka, juu yake na kuvaa glavu za pamba. Krimu inashika maji, jeli inayafungia yasitoke. Hapo ndio nimeona tofauti jamani.

Mama Kinoo: Huku kwetu baridi ni ingine kabisa. Kijana wangu ana eksima, ule ugonjwa wa ngozi kukauka na kuwasha, akilala anajikuna mpaka shuka linapata damu, inaniuma sana. Kuna mtu alituuzia akwiasi krimu tuwe tunampaka na kuiacha kwa ngozi, mtoto akawa analia inachoma. Daktari wa ngozi akatueleza mara nyingi hiyo ina kemikali ya sabuni ndani, ni ya kuogea na kusuuza, sio ya kukaa mwilini. Saa hii anaoga maji vuguvugu, haraka haraka, bila sabuni ya manukato, akitoka tu kwa beseni namkausha polepole na kumpaka krimu ya seramaidi. Analala. Bei iko juu, siwezi danganya, kwa hivyo hiyo ni yake, sisi wengine wa nyumba tunatumia gliserini tukichanganya na maji kidogo.

Wa Boda Thika Road: Mimi hizo krimu za bei siwezani nazo. Upepo wa saa kumi na moja asubuhi unanipasua midomo na mashavu, na jeli ya kawaida inanitosha. Shida ni visigino, vimepasuka vibaya.

Mwanzisha Mada: Jeli ni sawa kabisa bro, bora upake uso ukiwa na maji maji kidogo, na kiasi, vumbi lisikushike. Visigino uliza kemisti krimu ya yurea, inalainisha ile ngozi ngumu, lakini penye ufa unaotoa damu usipake, itachoma. Hapo weka jeli na soksi mpaka pafunge kwanza.