Naomba ushauri: Dar hadi Kimondo cha Mbozi kwa gari dogo, mimi na mume wangu

Ndugu zangu, habari za majukumu. Mwezi wa Agosti mimi na mume wangu tutatimiza miaka 10 ya ndoa, na badala ya kwenda ufukweni kama ilivyo desturi yetu, tumekubaliana kusafiri kwa gari letu dogo kutoka Dar es Salaam hadi Mbozi, tukisimama kwenye yale maajabu ya kando ya njia ambayo abiria wa basi huyapita akiwa usingizini. Ninayoyataka ni korongo la zana za kale la Isimila na jiwe la Gangilonga pale Iringa, fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, huko Kalenga, Daraja la Mungu katika Mto Kiwira, na mwisho kimondo chenyewe, ambacho nimekitamani tangu mwalimu wetu wa jiografia alipotuchorea ubaoni.

Tatizo ni kwamba tuna siku 5 tu, kwenda na kurudi, na mume wangu akishika usukani hasimami ila kwa mafuta. Mwaka juzi tulikwenda Lushoto, tukapita kila mahali nilipotamani kushuka, nikarudi nyumbani na huzuni ambayo sikuweza kumweleza. Je, siku 5 zinatosha? Na gari la chini litafaa?

Dereva wa Tunduma

Dada, hongereni kwa miaka 10. Nimeendesha lori njia hiyo kwa muda mrefu, nami nasema wazi kwamba hazitoshi. Dar hadi Iringa ni kilomita 500 hivi, Iringa hadi Mbeya nyingine 330, na kutoka Mbeya hadi kwenye kimondo ni zaidi ya 60, kisha mrudi. Wala si kilomita za kukimbia: barabara kuu inakatiza katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na anayegonga mnyama hutozwa faini kulingana na aina ya mnyama, vijijini mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na kwenye mlima wa Kitonga kabla ya Iringa, lori likiharibika kwenye kona, mtasubiri saa kadhaa. Mwambie shemeji mpande Kitonga kabla ya giza. Gari la chini litafika, kwa kuwa Agosti ni kiangazi, ila mkiiacha lami mwende taratibu.

Mkazi wa Kihesa

Mimi nakushauri mlale Iringa usiku mbili, hata kama itabidi kimondo kisubiri mwaka mwingine. Isimila ipo kilomita 20 hivi kwenye njia ya Mbeya. Nendeni asubuhi, kwa sababu kule korongoni jua la mchana ni kali na nguzo zile za udongo zilizochongwa na mvua zinataka kutembelewa polepole. Zana za mawe zilizotambuliwa pale mwaka 1951 bado zimelala chini zilipoachwa na watu wa kale, na hilo halionekani kwa mtu anayetazama saa.

Kalenga ni jambo jingine. Mkwawa alikufa mwaka 1898, na fuvu lake likarudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954; kwetu sisi Wahehe hilo ni kaburi kabla ya kuwa kivutio, kwa hiyo msiingie kwa haraka. Mwombeni mhudumu awasimulie, kisha mkae kimya kidogo. Jioni pandeni Gangilonga, yaani jiwe linenalo, mwone mji wote ukiwasha taa.

Kuhusu mumeo: usimpe orodha yako aitekeleze. Mwombe achague kituo kimoja kiwe chake, naye ndiye aeleze kwa nini.

Binti wa Tukuyu

Ninaheshimu maoni ya kaka wa Kihesa, lakini sikubali kimondo kiahirishwe, kwani ndicho kilichoianzisha safari hii. Ombeni siku 2 zaidi kazini. Kimondo ni pande la chuma na nikeli lenye urefu wa mita 3 hivi, linalokadiriwa kuwa na uzito wa tani 12. Udongo ulichimbwa kulizunguka na likaachwa juu ya nguzo, ambayo baadaye iliimarishwa kwa zege. Mkiligusa mtahisi ubaridi wa chuma, nanyi mko mlimani katikati ya mashamba ya watu.

Kwenye Daraja la Mungu vaeni viatu visivyoteleza, kwa maana ni upinde wa mwamba wa volkano ambao mto umeupenya chini yake. Msikose Kijungu, mahali ambapo Kiwira unajitumbukiza kwenye shimo kama chungu. Bebeni makoti pia. Agosti huku ni baridi kweli.

Mwanzisha mada

Ahsanteni sana, ndugu zangu. Jana usiku nilimsomea mume wangu majibu yote, na lile la Lushoto nikamweleza kwa mara ya kwanza. Alinyamaza, kisha akasema hakuwahi kujua. Tumeomba siku 7 na tumekubaliwa, nasi tutalala Iringa usiku mbili. Kituo alichokichagua ni Kalenga, kwa sababu marehemu babu yake alikuwa akimsimulia habari za Mkwawa, naye hajawahi kufika. Tutaondoka Jumamosi saa 11 alfajiri.