Tupeane uzoefu: watoto wetu na bakteria wa tumboni (H. pylori)

Mama Wawili, Tanga

Ndugu zangu, naomba tupeane uzoefu kuhusu bakteria aitwaye Helicobacter pylori kwa watoto. Mwanangu wa miaka 7 alikuwa akilalamika kuumwa tumbo kuzunguka kitovu, hasa asubuhi za siku za shule, nikampeleka maabara ya mtaani. Walimtoboa kidole, wakadondosha damu kwenye kile kipimo cha plastiki, na baada ya dakika chache mistari miwili ikatokea. Siku hiyohiyo tuliandikiwa dawa tatu. Aliharisha, akakataa kula, na tumbo likaendelea kuuma vilevile.

Baadaye daktari wa watoto alinieleza kwamba karibu nusu ya watu duniani hukadiriwa kuwa na bakteria huyu, kwamba wengi humpata utotoni, mara nyingi kabla ya kutimiza miaka 5, na kwamba walio wengi hawapati dalili yoyote. Kipimo cha damu huonyesha kinga iliyotengenezwa na mwili, kwa hiyo hakimtenganishi mtoto aliye na bakteria leo na yule aliyewahi kuwa naye. Kisha akambonyeza tumbo na kuuliza anapata choo mara ngapi kwa wiki, swali ambalo, nakiri, mimi mama yake sikuwahi kujiuliza. Kumbe mtoto alikuwa na choo kigumu kwa sababu alijizuia kutwa nzima. Mlango wa choo cha shule haukuwa na komeo.

Baba Rehema, Mombasa

Pole sana, Mama Wawili. Hata hivyo, nisingependa wasomaji waondoke hapa wakidhani kwamba bakteria huyu ni wa kupuuzwa. Binti yangu wa miaka 11 alitumia dawa ya madini ya chuma kwa miezi kadhaa, na kila tulipopima damu tulikuta bado ni pungufu, ilhali minyoo hakuwa nayo na chakula alikula vizuri. Ndipo alipopitishiwa mpira wenye kamera hadi tumboni na bakteria akaonekana. Alitibiwa siku 14 bila kuruka dozi hata moja, na wiki 6 baada ya kumaliza akapimwa kinyesi kuhakikisha kwamba ametoweka.

Mstaafu wa Maabara, Morogoro

Naongeza moja tu: mtoto aliyetumia omeprazoli (dawa ya kupunguza asidi tumboni) ndani ya wiki 2, au antibiotiki ndani ya wiki 4, anaweza kupata jibu la kinyesi linalosema hana bakteria ilhali anaye. Mwambieni daktari kila dawa mliyompa, hata ile ya dukani.

Bibi wa Watano, Zanzibar

Wanangu, mimi nilikuwa nikimtafunia mjukuu nyama, kama nilivyotafuniwa mimi. Mkamwana wangu alisikia kliniki kwamba bakteria huyu huenea zaidi ndani ya familia, kwa mate, matapishi na kinyesi, naye kwa adabu hakuniambia neno, ila jioni alirudi na kinu kidogo cha mbao. Nilinuna siku mbili. Sasa nyama naiponda kwenye kinu, ingawa mtoto akiniona natafuna changu bado huja kuachama mbele yangu.