Wauguzi wetu wa Kenya waende Uingereza, au wafungwe kufanya kazi nyumbani miaka kadhaa kwanza?

Mwanzilishi wa mjadala, muuguzi wa wodi ya watoto, Pwani
Jumanne usiku tulikuwa wawili kwa watoto 38. Mwenzangu alishikilia oksijeni ya kichanga aliyechoka kupumua, mimi nikikimbia na dripu. Wa tatu wetu kwenye rosta aliondoka Machi, yuko Manchester. Huyo alikuwa akipata mshipa wa mtoto wa siku mbili hata stima zikipotea.

Mwaka 2024 baraza la wauguzi la Nigeria liliamua kwamba muuguzi afanye kazi nyumbani miaka miwili baada ya kufuzu, ndipo hati zake zithibitishwe kwa waajiri wa nje. Wauguzi wakaandamana. Je, na sisi tufanye hivyo? Mimi napinga, ingawa usiku ule nilitamani sana sheria kama hiyo.

Mzazi, Bungoma
Sista, pole na zamu. Binti yangu alisoma KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, kwa kuuza ng'ombe wetu wawili na kipande cha shamba. Leseni anayo. Nafasi tano za kaunti zikitangazwa, waombaji ni mamia. Sasa mwaka wa tatu anauza dawa kwenye duka la mtu. Mnataka kumfunga miaka miwili, mumfunge wapi na kazi hamjampa?

Msimamizi wa wodi ya mahututi, Nairobi
Mama, nakuheshimu, lakini binti yako siye anayechukuliwa, na hapo ndipo panaponiuma. Mkataba wa Kenya na Uingereza wa Julai 2021 tuliambiwa ni wa wauguzi wasio na ajira. Mwajiri wa kule, akipewa nafasi ya kuchagua, atamtaka mwenye uzoefu. Kwangu wameondoka wanne, wote wamesomea mahututi. Kumfundisha mmoja hadi nimwachie mashine ya kupumulia usiku akiwa peke yake huchukua zaidi ya mwaka. Nawafundisha mimi, kisha naandika barua ya sifa, kisha naagana nao. Aliyesomeshwa utaalamu kwa pesa za umma atumikie miaka mitatu.

Muuguzi, Leicester, Uingereza
Msimamizi, nilikuwa mmoja wa watu kama hao wako. Niliondoka baada ya kungoja miaka minane kupandishwa cheo. Mwaka 2017 tuligoma miezi mitano, Juni hadi Novemba. Nilirudi kazini nikiwa na deni la kodi ya nyumba na mtoto ametolewa shule. Siku hiyo ndiyo niliyoondoka, ndege ilikuja baadaye tu.

Na nyinyi mliotucheka 2021, waziri wa afya wa wakati huo Mutahi Kagwe aliposema ni 10 tu kati ya wauguzi 300 wa kwenda Uingereza waliopita mtihani wa Kiingereza: ripoti za zamu tunaziandika kwa Kiingereza tangu chuoni. Mtihani ule una namna yake ya kuandika barua kwa dakika, na ada yake si ya mtu asiye na kazi. Mimi nilianguka mara ya kwanza, nikakopa kuurudia. Binti wa mama wa Bungoma atakopa kwa nani?

Mwanzilishi
Dada wa Leicester, umenigusa. Msimamizi, kwa aliyelipiwa likizo ya masomo huku mshahara ukiingia, nakubaliana nawe: alitia sahihi dhamana, aitimize. Lakini aliyejisomesha kwa ng'ombe wa babake hadaiwi na mtu.

Shirika la Afya Duniani lilihesabu upungufu wa wauguzi milioni 5.8 duniani mwaka 2023. Nchi tajiri zitaendelea kuja kutafuta, tufunge mlango au tusifunge. Kwa hiyo hoja yangu iko hapa nyumbani. Huduma za afya ziko mikononi mwa kaunti tangu 2013, na muuguzi akiondoka mshahara wake unabaki kwenye bajeti. Mbona nafasi haitangazwi? Mtaalamu akitarajiwa kwenda, kwa nini kijana asiajiriwe miezi sita mapema afundishwe naye? Na Uingereza, inayompata akiwa tayari, ilipie mafunzo ya anayemrithi. Hilo liandikwe ndani ya mkataba wenyewe.

Nafasi ya mwenzangu aliyeondoka Machi bado iko wazi. Binti wa Bungoma ana leseni. Kama kuna mtu wa bodi ya utumishi ya kaunti anayesoma hapa, anieleze kinachozuia.