Je, ni sahihi kuondoa asesheni zote tunapojenga toleo la watumiaji?

mjenzi_wa_seva

Habari zenu wadau. Timu yetu inatengeneza huduma ya malipo kwa Python, na ndani yake kuna moduli ndogo ya C inayosoma mafaili ya miamala. Kiongozi wetu amependekeza kwamba kuanzia toleo lijalo seva ziendeshwe kwa `PYTHONOPTIMIZE=1` na moduli ya C ijengwe kwa `NDEBUG`, ili asesheni zote, yaani mistari inayotangaza kwamba sharti fulani lazima liwe kweli la sivyo programu isimame, zisiwemo katika toleo linalowafikia wateja. Anasema huduma itaongeza kasi, na tena mteja hapaswi kushuhudia programu ikianguka. Mwenzangu mmoja anapinga vikali. Msimbo wetu umejaa mistari ya namna hii:

```
def toa_fedha(akaunti, kiasi):
    assert kiasi > 0, "Kiasi lazima kizidi sifuri"
    akaunti.salio -= kiasi
```

Naomba maoni ya waliokwisha kulishughulikia jambo hili.

msomaji_msimbo

Ndugu, kabla ya kuzungumzia kasi, tuutazame mstari huo wa `assert`. Python ikiendeshwa kwa chaguo la `-O`, au kwa hiyo `PYTHONOPTIMIZE`, mstari huo haufiki kabisa kwenye baitikodi, yaani maagizo ambayo Python huyatekeleza. Sasa mtu akituma ombi lenye kiasi cha -50000, hakuna kitakachomzuia, na kwa kuwa kutoa namba hasi ni sawa na kujumlisha, salio lake litaongezeka kwa 50,000. Huo ni mlango wa wizi, na utafunguliwa na badiliko la mpangilio wa seva ambalo hakuna mtu angelidhania kuwa linahusu usalama.

Kosa lilianza pale `assert` ilipopewa kazi isiyo yake. Chochote kitokacho nje ya programu, kiwe ombi la mteja, faili au jibu la benki, kikaguliwe kwa `if` na `raise ValueError`, kwa sababu data mbovu kutoka nje ni jambo la kutarajiwa. Asesheni ibaki kwa yale ambayo yakivunjika ni sisi wenyewe tuliokosea hesabu, kwa mfano kwamba jumla ya pande mbili za muamala ni sifuri baada ya kuandikwa. Endesheni Bandit, zana inayotafuta kasoro za usalama katika msimbo wa Python, juu ya msimbo wote. Kanuni yake ya B101 itawaonyesha kila `assert` ilipo, kisha mpitie mmoja mmoja. Msikubali pendekezo hilo kabla kazi hiyo haijakamilika.

bi_kompaila

Naongezea upande wa C, ambako hatari imejificha zaidi. `NDEBUG` ikiwepo, makro ya `assert` (jina ambalo hubadilishwa kwa msimbo mwingine kabla programu haijajengwa) hugeuka kuwa `((void)0)`, yaani amri isiyofanya chochote, na lililokuwa ndani ya mabano halitekelezwi hata kidogo. Kwa hiyo mtu aliyeandika `assert(fclose(f) == 0);` atakuwa na programu inayofunga mafaili vizuri kwenye mashine yake, lakini kwenye seva haifungi hata moja, mpaka mchakato ufikie kikomo cha mafaili uliyoruhusiwa kufungua. Jibu la `fclose` liwekwe kwanza kwenye kigeugeu, kisha likaguliwe kwa `if`. Na kama mnajenga kwa CMake, zana ya kuongoza ujenzi wa programu, aina ya `Release` huongeza `-DNDEBUG` yenyewe, hivyo chunguzeni, kwani huenda asesheni zenu za C zilikwisha kuondoka zamani.

Kuhusu kasi, hoja ya kiongozi wako si ya kupuuzwa, ila ipimwe. Watengenezaji wa SQLite, maktaba ya hifadhidata, wameandika kwamba asesheni zao zikiwashwa maktaba hiyo huenda polepole takribani mara tatu, ndiyo maana huzizima katika toleo la kawaida. Lakini kulinganisha namba mbili katika huduma ambayo muda wake mwingi inasubiri hifadhidata ni gharama isiyoonekana. Napendelea utaratibu wa lugha ya Rust: `assert!` hubaki katika kila toleo, na `debug_assert!` huondoka katika toleo la mwisho, hivyo mwandishi huamua mstari kwa mstari.

zamu_ya_usiku

Nakubaliana na waliotangulia, isipokuwa nadhani hofu ya programu kuanguka ijibiwe kwa kutofautisha lugha hizo mbili. Katika Python, `AssertionError` hunaswa na mfumo wa wavuti, ombi moja likashindwa na mengine yakaendelea. Kwa malipo, hilo ni afadhali mara elfu kuliko kuandika salio lisilo sahihi. Katika C, `assert` huita `abort()`, na moduli yenu ikiwa imepakiwa ndani ya Python, mchakato mzima hufa pamoja na maombi yote yaliyokuwa mkononi. Huko ningeandika makro yetu wenyewe isiyoondolewa na `NDEBUG`, inayoandika kosa kwenye logi na kurudisha msimbo wa hitilafu kwa Python.

mjenzi_wa_seva

Ahsanteni sana, nitayafikisha haya kwenye kikao. Je, tukiamua kuziondoa zile chache zenye gharama, majaribio yaendeshwe kwa toleo lipi?

bi_kompaila

Kwa yote mawili, na lile litakalopelekwa kwa wateja lisikosekane. Pytest, zana ya kuendesha majaribio ya Python, huziandika upya asesheni zilizo ndani ya mafaili ya majaribio, kwa hiyo hizo huendelea kufanya kazi hata chini ya `-O`. Zilizo kwenye moduli saidizi za kawaida hupuuzwa, na pytest hutoa onyo kuhusu hilo. Hamisheni ukaguzi wowote muhimu uliofichwa humo.