Forester XT inagonga ikipanda Kitonga, niweke petroli ya oktani ngapi?

Msafiri_Mafinga
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri, jambo hili linaninyima raha.

Nina Subaru Forester XT ya 2005, ya turbo, gia otomatiki, ilishuka kutoka Japani miezi minne iliyopita. Mjini Dar haijawahi kunisumbua. Wiki mbili zilizopita nilikwenda Mafinga na familia, watu watano na mizigo. Nilijaza tanki kwenye kituo kimoja njiani baada ya Mikumi. Tunafika Ruaha Mbuyuni ni saa nane mchana, joto kali. Kwenye mlima wa Kitonga nikawa nyuma ya malori, na kila nikikanyaga nipite, injini inalia kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo. Nikiachia, kimya. Taa ya injini haikuwaka.

Fundi wangu anasema petroli ni petroli, hiyo ni sauti ya bati la ekzosi. Wamarekani wenye gari kama hii nimesoma wanasema 91 inatosha. Rafiki anataka ninunue chupa za kuongeza oktani. Nimsikilize nani? Mwezi huu narudi tena na watoto.

fundi_Keko
Mkuu, sauti inayokuja ukikanyaga na kukata ukiachia, chini ya mzigo mzito namna hiyo, mimi siiti bati mpaka nithibitishe. Hapo petroli inajiwasha yenyewe ndani ya silinda kabla moto wa plagi haujaifikia. Turbo inashindilia hewa nyingi, mgandamizo unapanda, joto linapanda, na petroli ya oktani ndogo haivumilii. Oktani ndiyo huo uvumilivu, basi. Haimaanishi petroli ina nguvu zaidi wala ni safi zaidi.

Gari yako ina sensa inayosikiliza kugonga huko, na kompyuta inachelewesha cheche. Ndiyo maana mjini husikii kitu, ingawa huenda unapoteza nguvu na kula mafuta bila kujua. Kwenye mlima, gia kubwa, mzunguko mdogo, gari imejaa, sensa inazidiwa. Nimefungua injini za namna hii nikakuta pistoni zimekatika kingo zinazoshika ringi. Mwenye gari mmoja alisikia hiyo sauti miezi kadhaa na akaambiwa ni kawaida. Iliniuma sana.

Fungua kifuniko cha tanki usome kibandiko.

Msafiri_Mafinga
Nimekitafsiri kwa simu. Kinasema petroli isiyo na risasi, "premium".

Shangazi_wa_Ngara
Mdogo wangu, niko Nairobi, naendesha Impreza ya turbo mwaka wa saba. Hiyo 91 ya Wamarekani achana nayo, kwa sababu si 91 yetu. Pampu zao huandika wastani wa vipimo viwili vya oktani, RON na MON. Sisi huku tunahesabu RON peke yake, ambayo huwa kubwa zaidi. 91 yao ni kama 95 yetu. Ukitafuta 91 ya RON kwa kuwaamini, utaiumiza injini.

Kibandiko chako ni cha Kijapani, na Wajapani petroli ya juu wanaiita haioku. Kiwango chao kinataka isipungue RON 96, na ile ya kawaida isipungue 89. Kwa hiyo hata 95 iko chini kidogo ya ilichozoea. Hapa kwetu super ya kawaida ni 93, V-Power ya Shell ni 95, na mimi naweka 95 kila siku.

Utasikia pia kwamba huku juu hewa ni nyepesi, oktani ndogo inatosha. Hiyo ni kweli kwa gari isiyo na turbo. Turbo inajazia ile hewa iliyopungua, kwa hiyo usitegemee mwinuko wa Iringa ukuokoe.

Kuhusu chupa, soma lebo vizuri. "Pointi" moja ni sehemu ya kumi ya oktani. Ikisema inaongeza pointi tano, 93 inakuwa 93.5. Nyingine zina manganizi inayoacha utando mwekundu kwenye plagi.

Mzee_wa_Ilula
Kijana, swali langu ni hicho kituo. Kabla yake gari ilikuwa kimya. Mafuta ya taa yakichanganywa humo, oktani inaporomoka. Serikali ilianza kuweka vinasaba (kemikali za kuyatambulisha) kwenye mafuta 2010 na mwaka uliofuata ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji, na ilisaidia. Lakini shika risiti yako, na ukiwa na shaka peleka malalamiko EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati.

fundi_Keko
Mzee kasema la maana. Nami naongeza: toa plagi uone kama ni za joto sahihi kwa turbo. Safisha intakula (kipoza hewa ya turbo), kwenye Forester iko juu ya injini na inachemka mkiwa kwenye foleni. Na mlimani weka gia ya pili kwa mkono, injini izunguke, usiikanyage ikiwa gia kubwa.

Msafiri_Mafinga
Wakuu, narudi kutoa mrejesho. Tanki la zamani nililimaliza mjini taratibu, nikajaza Dar kwenye kituo chenye magari mengi, pampu imeandikwa 95. Plagi zilikuwa za gari isiyo na turbo, tumezibadilisha. Jana nimepanda Kitonga saa moja asubuhi, gia ya pili, nyuma ya lori la saruji mpaka juu. Haikulia hata mara moja. Mke wangu alizima redio tusikilize vizuri.

Ila sasa niko Mafinga, tanki limebaki robo, na pampu niliyoiona haina namba ya oktani. Nifanyeje?

Mzee_wa_Ilula
Muombe msimamizi wa kituo akuambie ni RON ngapi. Asipojua, weka lita za kukufikisha Iringa mjini tu, uendeshe polepole, ukajaze huko.