Prizi ya wifi inapunguza umeme kweli ao ni biashara tu?

mutoto_wa_himbi
Jambo bandugu, niko Himbi hapa Goma, siku hizi unite zinaisha mbio sana, naweka siku ya posho, siku ya tatu kompteri (mita ya umeme) inaanza kulia tii tii. Sasa kule Birere kuko mutu anauzisha prizi za wifi, unazichomeka ukutani alafu unazima kitu na telefone hata uko kazini, anasema matumizi yanashuka nusu. Ni kweli? Niko na frigo, televizyo na dekoda, pasi, ampuli saba na katanki ka maji ya moto ka litre 50.

fundi_ndosho
Nusu ni mudomo ya muuzaji. Prizi inapima na inazima, basi, kazi ingine ni yako. Ampuli kama ni za LED za wati 9 achana nazo, saba zote hazifiki wati 65. Adui yako ni tanki: litre 50 kuzitoa digrii 20 kuzifikisha 60 ni unite 2,3 hivi, alafu ukiiacha inawaka muchana kutwa inapoa inajipasha, inapoa inajipasha, na nyumbani hakuna anayeoga. Ya kwangu ni ya wati 1500, nilipanga iwake saa kumi na nusu asubuhi izime saa kumi na mbili. Ila soma nyuma ya prizi, ya ampere 10 usiweke kwa tanki, chukua ya 16. Ya kwangu ya kwanza ilikuwa ya 10, juma la pili nasikia harufu ya plastiki, kuangalia imekuwa rangi ya chai. Tena nyingi zinashika wifi ya 2,4 GHz tu, watu wanafikiri zimekufa.

mama_keshero
Yaya fundi, na umeme ukikatika? Kwanza hiyo boksi ya wifi ya wati 10 ikiwaka usiku na muchana ni karibu robo unite kila siku. Mimi nilinunua ile ya saa ya kuzungusha, haiombi wifi. Shida yake, umeme ukienda masaa tatu na yenyewe inasimama masaa tatu, maji yanapata moto saa tisa muchana!! Watoto walioga baridi juma zima mbele nielewe

fundi_ndosho
Pole mama 😂 ya wifi inachukua saa kwa intaneti ikirudi. Na mwingie kwa programu mupange umeme ukirudi ibakie imezimwa.

mutoto_wa_himbi
Narudi bandugu, nimenunua moja ya 16. Mbele ya tanki nikaijaribu kwa frigo, nikijua frigo haina neno: unite 2,9 kwa siku moja! Nikaweka karatasi kwa mulango, nikafunga, nikavuta na vidole viwili, ikatoka kama hakuna mulango. Kaucho, ile mupira ya mulango yenye kuzuia baridi isitoke, imekauka yote. Tanki nimepanga kama ya fundi ila mama watoto anataka hadi saa moja. Fundi, kaucho ya frigo ya zamani inapatikana ao nitafute frigo ingine?